Yaya wa Tutaelewana

Mama Chiriku alikuwa fundi wa sare za shule. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Nyuma ya chumba hicho ndiyo ilikuwa nyumba yake: vyumba viwili, jiko, na ua mdogo wa kuanikia nguo. Kutoka kitandani hadi kazini zilikuwa hatua kumi na moja. Alizihesabu.

Ukutani, juu ya cherehani, alitundika kibao. Alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa ambazo hata aliyesahau miwani angezisoma:

TUTAELEWANA HAKUNA. BEI KWANZA.

Kibao hicho kilikuwa na kisa chake. Zamani wateja walimletea kitambaa wakasema, "Nishonee tu, fundi, tutaelewana." Naye alishona. Siku ya kuchukua nguo, mteja alitoa nusu ya bei, na nusu iliyobaki akaijazia maneno matamu. Maneno matamu hayanunui uzi. Ndipo Mama Chiriku alipoandika kibao. Tangu hapo, mteja aliambiwa bei kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Mumewe, Baba Chiriku, alikuwa fundi bomba. Alitoka asubuhi na mkoba wa spana, akarudi jioni suruali imelowa hadi magotini. Mtoto wao alikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Jua likichomoza tu, yeye ameshaanza.

Halafu alikuwepo Dada, yaya wa Chiriku. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mpole, mwenye mkono mwepesi. Miezi minane iliyopita aliletwa na mwanamke mmoja muuza mkaa aliyesema, "Huyu namjua, ni mtoto wa watu." Dada alisimama mlangoni na mfuko mmoja wa nguo. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Na mshahara, mama?"

Mama Chiriku alikuwa na pini mdomoni na sketi mapajani. Alijibu bila kuinua macho.

"Ingia tu, mwanangu. Tutaelewana."

Hakusikia alichosema mwenyewe. Na kibao kilikuwa juu ya kichwa chake.

Basi Dada akaingia. Alikuja kulea mtoto. Lakini kazi za nyumba ni kama uzi, ukivuta mmoja unakuja na mwenzake. Alipofua nepi za mtoto, akapewa na shuka. Alipopika uji wa mtoto, akapika na chakula cha wakubwa. Alifagia nyumba, akafagia na chumba cha kazi, akafuta vumbi hata kwenye kile kibao. Mtoto alipolala, Dada hakulala. Alikaa kwenye kigoda akishona vifungo vya mashati.

Mwisho wa mwezi Mama Chiriku alimpa kitu. Mwezi wa wateja wengi, alimpa kingi kidogo. Mwezi mkavu, alimpa kidogo sana. Mwezi mmoja hakumpa pesa kabisa. Alimshonea gauni la maua.

"Shika kifuta jasho, mwanangu," alisema kila mara.

Dada alipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama."

Mama Chiriku akadhani wameelewana.

Jumatatu moja asubuhi, Dada alimnywesha Chiriku maziwa. Akamfuta mdomo, akambadilisha nguo, akamketisha juu ya mkeka. Kisha akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa lile gauni la maua, na mfuko wake ulikuwa mkononi.

Mama Chiriku alisimamisha cherehani.

"Unakwenda wapi na mfuko asubuhi hii?"

"Naaga, mama."

"Unaaga! Nimekukosea nini?"

"Hujanitukana, mama. Hujaninyima chakula. Gauni hili umenishonea wewe."

"Sasa ni nini?"

Dada alitazama chini, halafu akatazama ukutani.

"Siku ya kwanza nilikuuliza mshahara. Ukasema tutaelewana. Nimengoja miezi minane, mama. Hatujaelewana."

Mama Chiriku alisukuma kiti nyuma, akasimama.

Dada aliinama akambusu Chiriku utosini, akatoka. Mtoto alimfuata hadi kizingitini akiita, "Dada! Dada!" Lilikuwa ndilo neno lake la kwanza maishani, na siku hiyo alilitumia lote.

Sasa sikia shida iliyokuwepo. Wiki hiyo hiyo Mama Chiriku alikuwa amepokea kazi ya sare mia moja za shule. Sare ziwe tayari Jumamosi ya wiki ya tatu, kabla shule hazijafunguliwa. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwa upole, lakini alimwambia: "Fundi, zikichelewa hata siku moja, mwaka ujao kazi hii naipeleka kwingine." Na kazi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba nusu mwaka.

Dada akiwepo, Mama Chiriku alishona sare nane kwa siku. Jumatatu ile alishona tatu. Jumanne, tatu. Chiriku alivuta uzi, akalia, akataka kubebwa. Akakanyaga cherehani naye kwa miguu yake midogo.

"Si umfuate Dada?" Baba Chiriku aliuliza jioni, akivua viatu vyenye maji.

"Nimfuate nimwambie nini?"

"Mwambie arudi, tuta..." Akakatisha neno mwenyewe. Akatazama mkewe. "Basi, nimenyamaza."

"Kesho kaa naye wewe."

"Mimi? Mimi naziba mabomba, mke wangu. Hilo bomba halizibiki."

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba.

Jumatano, saa tano hivi, Mama Chiriku alikuwa anapiga pasi marinda ya sketi. Ghafla akasikia kimya. Chiriku akinyamaza, kuna jambo. Aligeuka mbio. Mtoto alikuwa amekaa chini ya meza, shavu moja limevimba, macho yanacheka.

"Fungua mdomo, mama. Aaa. Fungua."

Chiriku alifungua. Juu ya ulimi kulikuwa na kifungo cheupe cha shati. Kilidondoka kwenye kiganja cha mama yake, kikiwa kimelowa. Halafu kikadondoka cha pili.

Mama Chiriku aliketi sakafuni. Vifungo viwili. Kama angechelewa kidogo tu!

Ndivyo jirani yake, Bi Mihuri, alivyomkuta.

Bi Mihuri alikuwa mstaafu. Alikuwa karani wa ofisi ya kazi miaka thelathini, akigonga mihuri kwenye mikataba ya watu. Watu walisema hata salamu yake ina tarehe na saini. Siku hiyo alileta sketi ya kupunguza kiuno. Aliiweka mezani, akamnyanyua mtoto, akapokea na ile habari yote, kuanzia gauni la maua hadi vifungo.

Kabla hajajibu, mlango ulipigwa. Aliingia kijana mwenye shati la kung'aa na simu mbili. Mtaani walimwita Leoleo.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, bi mkubwa. Nimesikia mnatafuta yaya. Mimi ni wakala. Leo leo nakuletea!"

"Leo?" Mama Chiriku alisimama. "Kwa kiasi gani?"

"Wewe hutoi hata senti! Mshahara wake wa miezi miwili ya kwanza nauchukua mimi. Ndiyo ada yangu. Na kitambulisho chake nakaa nacho, hawezi kukukimbia."

Mama Chiriku aliona mwanga. Leo! Tena bure! Mkono ulikuwa unakwenda kwenye simu, ampe namba yake.

"Mwanangu," alisema Bi Mihuri, "ofisi yako iko wapi?"

Leoleo aliinua simu. "Hii hapa, bi mkubwa."

"Na kibali cha uwakala?"

"Kinashughulikiwa."

"Huyo yaya alifanya kazi wapi kabla? Umezungumza na waliokuwa waajiri wake?"

"Bi mkubwa, ni msichana mzuri. Ukimwona usoni tu..."

"Mtoto halelewi na uso. Na akimshinda mama huyu baada ya wiki, utamletea mwingine?"

"Hapo tutaelewana."

Mama Chiriku alirudisha mkono wake. Lile neno lilimchoma sikioni. Leoleo aliaga haraka, akasema ana mteja mwingine anamngoja.

"Lakini ilikuwa bure, Bi Mihuri!" Mama Chiriku alisema.

"Bure kwa nani? Kuna msichana atakayefanya kazi miezi miwili bila kupata kitu, na kitambulisho chake kiko mfukoni mwa mtu. Mtu huyo atamlea Chiriku kwa moyo gani? Utakuwa umemfunga, hujamwajiri. Na kukaa na kitambulisho cha mtu ni kosa." Alimpangusa mtoto pua. "Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Na safari hii mbuzi ndiye anayelipa."

Mama Chiriku alikaa.

"Mimi nilimtendea Dada wema," alisema polepole. "Alikula tulichokula. Alilala pazuri. Nilimpa kifuta jasho kila mwezi."

"Kila mwezi kiasi gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Wateja."

"Kwa hiyo wateja wako wakikosa, mtoto wako alikuwa anaacha kulia?"

Mama Chiriku akaokota kifungo kilichobaki sakafuni.

"Sikiliza, jirani. Mteja akikuletea chai wakati unamshonea, unapunguza bei ya sare?"

"Thubutu!"

"Chai ni chai na bei ni bei. Chakula alichokula Dada hapa hakikufika kwa mama yake. Kifuta jasho si mshahara. Jasho linafutwa na leso. Mshahara ni kitu mtu anachokijua kabla, akapanga nacho maisha."

"Sasa bei ya yaya ni kiasi gani? Nani anajua?"

"Inajulikana, kama yako inavyojulikana. Serikali huweka kima cha chini cha mshahara. Chini ya hapo usishuke, ni kosa. Kiwango hicho hubadilika, na kila mahali kina chake, kwa hiyo mtu aulize ofisi ya kazi asisikilize ya barazani. Hiyo ndiyo sare yako ya kawaida, haina urembo. Sasa mteja akitaka marinda?"

"Bei inapanda."

"Akitaka mfuko wa pili?"

"Inapanda."

"Basi na yaya ni hivyo hivyo. Mtoto wa pili ni marinda. Kupikia na kufulia nyumba nzima ni mfuko. Uzoefu wake ni kitambaa kizuri, nacho hulipiwa. Saa zikizidi zile mlizopatana, zinalipwa. Na siku moja ya wiki anapumzika. Hata cherehani unaitia mafuta."

Mama Chiriku aliinua macho kwenye kibao chake, kisha akayashusha.

"Kesho twende kwa wakala mwenye kibali," alisema Bi Mihuri. "Na hii sketi yangu, bei gani?"

"Aa, jirani, hiyo hata..."

"Bei kwanza!" Bi Mihuri akamkatiza, akanyoosha kidole ukutani.

Alhamisi asubuhi walimpeleka Chiriku pamoja nao. Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Kibali kilitundikwa ukutani kwenye fremu, na tarehe yake haikuwa imepita. Bi Mihuri aliikagua kwa kidole. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyosema: ADA HULIPWA NA MWAJIRI. MFANYAKAZI HALIPI.

Nyuma ya meza alikaa msajili, mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyweleni. Aliwakaribisha, akaeleza taratibu bila haraka. Ada inalipwa mara moja na risiti inatolewa. Mwezi wa kwanza ni wa majaribio. Yaya na nyumba wasipopatana, wakala analeta mwingine bila ada mpya. Kila yaya ana barua kutoka kwa mwajiri wa zamani, na barua hiyo huhakikishwa.

Kisha akavuta fomu.

"Haya, mama. Unataka yaya, au unataka mfanyakazi wa nyumba?"

"Si ni mmoja?"

"Ni kazi mbili. Anayelea mtoto vizuri hawezi kuwa juani anafua mapazia. Mtu mmoja akifanya zote, sawa, lakini iandikwe na ilipwe."

Mama Chiriku alikumbuka vifungo, shuka, ufagio.

"Yaya," alisema. "Wa mtoto."

"Saa za kazi?"

"Tangu... mpaka..." Hakuwahi kuwaza.

"Yaya wako wa mwisho aliondoka kwa sababu gani?"

Mama Chiriku angeweza kusema mambo mengi. Angeweza kusema wasichana wa siku hizi hawana shukrani. Wanawake wengi husema hivyo, na hakuna anayewapinga.

"Hatukuelewana," alisema.

Msajili aliinua kichwa. Alitoa kalamu nyweleni, akairudisha. Akafungua faili lililokuwa pembeni.

"Ajabu. Kuna binti alikuja hapa Jumatatu. Penye sababu ya kuondoka, ameandika neno hilo hilo moja." Alisoma. "Mwajiri: Mama Chiriku, fundi sare."

Chiriku alinyonya kidole.

"Amekuja kwenu," alisema Mama Chiriku. Moyo wake ulipanda. "Basi mwiteni nimchukue! Nitalipa ada sasa hivi."

"Pole pole, mama. Yupo daktari wa meno anayemtaka. Ana watoto watatu. Kinachokosekana ni barua yako tu. Nilikuwa nikutafute leo. Bila barua, binti huyu hawezi kwenda popote." Akasukuma karatasi mbele yake. "Barua kwanza. Iwe atakuja kwako, iwe atakwenda kwa mwingine, hiyo ni haki yake."

Mama Chiriku aliishika kalamu. Wazo moja lilimpitia, tusifiche. Asipoandika leo, daktari wa meno atachoka kungoja. Dada atakosa pa kwenda. Atarudi kwa maneno matupu, na sare mia zitashonwa. Nani atajua?

Alimtazama Bi Mihuri. Bi Mihuri alikuwa akitazama dirishani. Hakumsaidia hata kidogo.

Akaanza kujaza.

*Kazi aliyoajiriwa:* Kulea mtoto.

*Kazi alizofanya:* Hapo mistari miwili haikutosha. Kulea, kupika, kufua, kufagia, kuteka maji, kushona vifungo. Akageuza karatasi akaendelea nyuma.

*Siku ya mapumziko:* Hakuwa nayo.

*Mshahara wa kuanza:* Kalamu ilisimama. Alitaka kuandika kiwango kizuri. Alitaka kuandika "inategemea." Mwisho aliandika neno moja. *Haukupangwa.*

*Maoni ya mwajiri:* Mtoto wangu alitamka jina lake kabla ya langu. Ni mwaminifu na ni mvumilivu. Kosa lilikuwa langu.

Akatia saini. Msajili aliisoma, akaigonga muhuri. Bi Mihuri akatabasamu kwa sauti ya muhuri, kama mtu aliyesikia wimbo wa ujana wake.

"Sasa," alisema Mama Chiriku, "nami naomba kuandikwa kama mwombaji mwingine. Sijui atanitaka."

"Mshahara unaotoa?"

Mama Chiriku alihesabu kwa njia aliyoijua. Yeye kila kitu alikipima kwa ujira wa sare. Dada akiwepo, alishona nane kwa siku. Asipokuwepo, tatu. Kila siku bila yaya alipoteza sare tano. Msajili alimwonyesha kima cha chini na viwango vya kawaida vya yaya wa mtoto mmoja mwenye uzoefu.

"Ujira wa sare thelathini," alisema. "Kila mwezi, tarehe moja. Wateja wawepo, wasiwepo." Akajisikia mwepesi. "Bi Mihuri! Sare thelathini ni kazi yangu ya siku nne tu!"

"Na zamani ulikuwa unampa ngapi?"

"Usiniulize mbele ya watu."

Ijumaa saa nne asubuhi waliketi wanne mezani kwa wakala: msajili, Dada, Mama Chiriku na Baba Chiriku, ambaye siku hiyo suruali yake ilikuwa kavu. Chiriku alikuwa tayari mapajani pa Dada. Hakuna aliyemweka huko. Alihamia mwenyewe.

"Daktari wa meno anatoa sare thelathini na mbili," msajili alimwambia Dada. Siku hizo mbili naye alikuwa amezoea kuhesabu kwa sare. "Watoto watatu. Mama huyu anatoa thelathini, mtoto mmoja. Barua yako ipo. Chagua kwa utulivu."

"Mwanangu," Mama Chiriku alianza, "naomba radhi. Mimi..."

"Mama, subiri kwanza," Dada alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya upole, lakini safari hii haikuwa ya chini. "Kila siku nilikuwa nafuta vumbi kwenye kibao chako. Nikawa najiuliza, hiki kibao kinasomwa na wateja tu? Wa ndani hawakioni?"

Baba Chiriku alikohoa. Mama Chiriku aliinamisha kichwa.

"Nilikiandika mimi," alisema, "lakini kukisoma nimekisoma juzi."

Dada akaomba karatasi ya mkataba. Aliisoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari. Mama Chiriku alimngoja. Alijua anachokiona: hivyo ndivyo fundi anavyopima kabla ya kukata.

"Hapa pameandikwa kulea mtoto, kumpikia na kufua nguo zake. Nguo za wakubwa?"

"Nitafua mimi," alisema Baba Chiriku.

Wote walimgeukia.

"Mnashangaa nini? Mimi si mtu wa maji?"

"Na vifungo?" Dada aliuliza.

"Vifungo si kazi ya yaya," alisema Mama Chiriku. "Ukipenda kushona ukiwa na nafasi yako, nitakulipa kwa kila shati, kama fundi msaidizi. Usipopenda, basi. Na vitakaa kwenye kopo lenye mfuniko."

Walipofika penye saa za kazi, Mama Chiriku akaandika 7:00. Msajili akamzuia.

"Andika kwa maneno, mama. Saa moja asubuhi. Mwaka jana mama mmoja aliandika hivyo hivyo. Yaya akaja saa saba mchana, amependeza, anadhani amewahi. Mwenye nyumba alikuwa ameshachelewa kazini, amelia, amelala na kuamka."

Walicheka wote, na Chiriku akacheka zaidi ingawa hakujua kwa nini.

Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na saa nzima ya kupumzika mtoto anapolala mchana. Jumapili ni siku ya Dada. Mshahara usipungue kwa sababu ya chakula wala chumba. Likizo yenye malipo kila mwaka. Mchango wa hifadhi ya jamii, kama sheria inavyotaka. Anayetaka kuacha au kuachisha atoe taarifa ya mwezi mzima. Yote yaliandikwa.

Dada aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Watoto watatu kwa sare mbili za ziada," alisema mwishowe, "hapo daktari ananing'oa jino bila ganzi." Akachukua kalamu. "Na huyu namjua akinyamaza ana nini."

Akatia saini. Nakala zilikuwa tatu, moja ya wakala, moja ya mwajiri, moja ya Dada. Alikunja ya kwake vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa gauni la maua. Kitambulisho chake kilikaa humo humo.

Jumatatu, saa moja asubuhi, cherehani ilianza kulia. Siku hiyo zilishonwa sare nane. Jumanne nane. Siku nyingine tisa, kwa sababu kichwa kilikuwa kimetulia. Ijumaa ya wiki ya tatu sare ya mwisho ilipigwa pasi. Jumamosi asubuhi mwalimu mkuu alizihesabu, akapata mia kamili, akavuta pindo moja kwa nguvu. Halikuachia.

"Fundi, mwaka ujao tena," alisema.

"Bei ile ile?" akauliza Mama Chiriku.

"Tutae..." Mwalimu mkuu aliona kibao, akacheka. "Haya, niandikie."

Tarehe moja ilipofika, Mama Chiriku aliweka mshahara kwenye bahasha, na karatasi ndogo ya kusaini. Dada alihesabu mbele yake. Hakuna aliyeona vibaya. Mwezi ule Dada alimtumia mama yake pesa, na kwa mara ya kwanza alimwambia tarehe ya zijazo.

Wiki chache baadaye alikuja mteja, mama mwenye kitoto kichanga mgongoni. Mama Chiriku alimzungushia futi ya kupimia kiunoni. Nje, uani, Dada alikuwa akimfundisha Chiriku kuhesabu pini za kuanikia nguo. Baba Chiriku alikuwa anafua mashuka, anaimba vibaya.

"Fundi," mteja alisema, "una bahati ya yaya. Nami natafuta. Nimemwona msichana mmoja, nimemwambia aje tu, tutaelewa..."

Mama Chiriku alikuwa na pini mdomoni. Hakuweza kusema. Aliinua futi, akaielekeza ukutani.

Lakini mwenye mdomo wake alikuwa mlangoni. Chiriku alikuwa ameingia mbio, ameshika pini ya nguo. Alimwona mama yake ananyoosha mkono. Akanyoosha na wa kwake. Akapiga kelele neno lake jipya, alilolisikia kila siku katika nyumba ile tangu Dada arudi:

"Bei!"